Maswali ya wasomaji: Kupanda Usambara kwa pikipiki, na nani akae mkiani

Toleo lililopita niliandika kwamba mwezi wa saba klabu yetu ya pikipiki ya hapa Tanga itapanda Lushoto, ivuke Magamba na kulala Mtae. Safari hiyo niliitaja kwa mstari mmoja tu, nikaendelea na habari za mnyororo na sproketi. Barua zote zilizokuja zimeuliza juu ya mstari ule. Nimechagua tano.

Wasomaji wapya wanataka kujua mimi ni nani hata nizungumzie barabara za kule juu. Nilikuwa bibi shamba wilayani Lushoto. Mwaka 1991, nikiwa na miaka 26, ofisi ilinikabidhi pikipiki aina ya Yamaha DT 125 na vijiji tisa vya kuhudumia. Kwa miaka 14 nilipita njia zile na miche ya miti nyuma, masika na kiangazi. Sasa nimestaafu, nakaa Tanga, na katika misafara ya klabu kazi yangu ni moja: nakaa mwisho. Sababu yake nimeieleza kwenye jibu la tatu.

*Shikamoo mama. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Korogwe, nina Boxer ya cc 150. Watu wa klabu yenu wamenialika niungane nao Mombo. Naambiwa wengine wana pikipiki kubwa za cc 650. Naogopa nitawachelewesha, na mlima wa Soni sijawahi kuupanda hata mara moja. Nije au niache?*
*Dereva wa bodaboda, Korogwe*

Marahaba mwanangu. Njoo, na wala usije kinyonge.

Kutoka Mombo hadi Lushoto, kupitia Soni, ni kilomita 33 za lami nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa mlima. Kona inafuata kona. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande wa pili bonde, na chini kabisa mto unaousikia kabla hujauona. Hakuna mahali pa kuifungulia pikipiki ya cc 650. Mwenye nayo atakuwa gia ya pili na ya tatu kama wewe. Tukishaipita Magamba na kuingia barabara ya udongo, wewe ndiye utakayewasubiri wao. Boxer yako ikilala unaiinua peke yako. Zile zina kilo mia mbili na ushee, na ikilala moja mferejini wanaitwa watu watatu.

Kuna jambo utalisikia kwenye injini, usitishike. Mombo iko mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, Lushoto inakaribia 1,400. Hewa ya juu ni nyepesi. Injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo ukifika mjini Lushoto Boxer yako itakuwa imepungukiwa kama sehemu moja ya kumi. Kabureta nayo haijui kwamba umepanda mlima. Inaendelea kumwaga petroli ileile kwenye hewa iliyopungua, ndiyo maana plagi hurudi nyeusi. Usiguse jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli, kwa safari ya siku mbili. Safisha filta ya hewa, inatosha. Filta ya bodaboda inayoshinda stendi imebeba vumbi la mwaka mzima, na hiyo itakunyima pumzi kule juu kuliko mlima wenyewe.

Lakini kupanda si tatizo, mwanangu. Nataka tuzungumze kuteremka, kwa sababu najua tabia ya kijiweni. Nimewaona vijana wakifika juu ya Soni wanazima injini, wanavuta klachi na kuiachia pikipiki ishuke kimya mpaka Mombo, kuokoa petroli. Ukifanya hivyo mbele yangu nitakusimamisha, nikupakie wewe na Boxer yako kwenye fuso ya kabichi urudi Korogwe.

Sikiliza kinachotokea. Pikipiki iliyoachiwa haina kinachoizuia ila breki. Breki ya nyuma ya ngoma inapata moto kona baada ya kona, na moto ule hauna pa kutokea. Brekishuu zikishachemka hazishiki tena. Unakanyaga, pedali inakwenda chini, na pikipiki haipungui mwendo. Kabla ya hapo utasikia harufu kama ya kitambaa kilichoungua na pasi. Ukiisikia harufu hiyo simama, kaa chini, ngoja ipoe. Usiimwagie maji. Dawa ya kutofika huko ni ya zamani: gia uliyopandia ndiyo uteremkie. Weka ya pili, achia eksileta, injini yenyewe ikushike, na breki uiguse tu kabla ya kona, zote mbili, ya mkono na ya mguu pamoja. Najua mmezoeshwa kuiogopa breki ya mbele. Kwenye lami kavu hiyo ndiyo inayofanya kazi kubwa zaidi ya kusimamisha. Ibane taratibu kama unakamua chungwa, usiinyakue.

Nayajua haya kwa mwili wangu. Ile DT ilikuwa na injini ya kuchanganya oili na petroli, na injini za namna ile hazishiki mlimani kama yako inavyoshika. Siku moja natoka Malindi ya kule Lushoto na miche ya grevilea nyuma, breki ya mguu ikaniishia. Kulia bonde, kushoto shamba la mtu lenye matuta yaliyopandwa majani ya Guatemala ya kuzuia mmomonyoko. Nikaielekeza kushoto. Majani yale, ambayo mwenye shamba aliyapanda kwa kubishana nami msimu mzima, ndiyo yaliyonipokea. Nilitoka na mkono uliochubuka na miche minne iliyovunjika.

Kwenye kona usikate. Baki upande wako wa kushoto hata kama barabara nzima inaonekana tupu, maana malori ya mboga yanateremka kwenda Dar es Salaam yamejaa viazi na kabichi, na dereva wake hawezi kukukwepa hata akitaka. Kona usiyoiona mwisho wake, piga honi kabla ya kuingia.

Chukua koti zito na glavu hata kama Korogwe watakushangaa. Mombo utatoka jasho, Magamba vidole havitasikia klachi. Petroli jaza Mombo, ongeza Lushoto, usitegemee ya chupa za vijijini. Na nafasi yako katika msafara nimeshaiandika: wa pili, nyuma ya kiongozi. Mgeni na mwenye pikipiki ndogo hukaa hapo ili kiongozi amwone kwenye kioo na apime mwendo kwake.

*Mama, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Muheza. Nimejifunza pikipiki mwaka huu kwa sababu shule yangu iko mbali na lami. Mume wangu hana neno, ila mama mkwe anasema mwanamke aliyevaa baibui hana pa kukaa kwenye pikipiki. Ningependa kuja nanyi lakini Mtae naona ni mbali kwangu. Nifanye nini?*
*Mwalimu, Muheza*

Mdogo wangu, mama mkwe ana hoja, na hoja yenyewe iko kwenye cheni. Nimewahi kumwona abiria aliyekaa upande, kanga ikining'inia, ikavutwa na cheni pale Ngamiani. Pikipiki ilikuwa mwendo wa kutembea tu, lakini ilimwangusha na kumburuta. Kwa hiyo usimjibu kwamba amepitwa na wakati. Mwonyeshe kwamba umelifikiria.

Mimi navaa hivi: suruali pana ya kitambaa kizito, juu yake gauni linaloishia magotini lenye mpasuo pande zote mbili, halafu koti. Kichwani ushungi wa kushona, ule mwepesi unaokaa bila pini, ncha zake zote ndani ya koti, ndipo helmeti. Pini chini ya helmeti zitakutoboa ukianguka. Viatu vya kufunika kifundo. Sijawahi kuona sehemu ya mwili wangu iliyokuwa wazi, na sijawahi kuona ncha ya nguo iliyofika kwenye gurudumu.

Mtae uiache mwaka huu. Una njia nzuri mlangoni kwako, nayo ni ya Amani. Utatoka Muheza katikati ya michungwa, barabara ya udongo, tambarare kiasi, mpaka Zigi, palipokuwa na stesheni ya reli ndogo ya Wajerumani. Kuanzia hapo unapanda ndani ya msitu. Miti inakutana juu ya barabara, udongo unakuwa na unyevu hata kiangazi, na joto la Muheza linakuacha kama mtu amefungua dirisha. Nenda gia ya pili, usishindane na mtu. Juu utakuta Amani yenyewe, bustani ya utafiti wa mimea iliyoanzishwa mwaka 1902, na msitu wake ambao tangu 1997 ni hifadhi. Kwenye miamba yenye kivuli tafuta maua madogo ya zambarau. Ulaya na Marekani wanayaweka kwenye vyungu madirishani na kuyaita Saintpaulia, kwa jina la Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa hapa Tanga aliyeyapeleka kwao mwaka 1892. Kwetu yameota tu kwenye jiwe, na watu wanayapita kila siku. Ukiyaona usiyang'oe.

Wanawake wanne wa klabu yetu tutakwenda Amani nawe Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane. Kabla ya kuondoka nitapita kwanza kumsalimia mama mkwe wako. Mwambie aniwekee chai.

*Habari dada. Mimi ni katibu wa kikundi cha waendesha pikipiki, Moshi. Mwezi uliopita tulikwenda Usangi kupitia Mwanga, pikipiki kumi na nne. Mwenzetu mmoja alipata pancha njiani, hakuna aliyejua. Tumefika Usangi, tumeagiza chakula, tumekula, ndipo mtu akauliza fulani yuko wapi. Alifika baada ya saa mbili, hakusema neno, na jioni alijitoa kikundini. Sasa kila mtu anamlaumu kiongozi, na kiongozi anasema yeye hana macho kisogoni. Nani mwenye kosa?*
*Katibu, Moshi*

Nzuri kaka. Kiongozi wenu amesema kweli, hana macho kisogoni. Nitakujibu kwa jambo ambalo nimelisimulia watu wachache.

Mwaka 2013 klabu yetu ilikuwa na miezi michache tu. Tulipanga njia ya Soni kwenda Bumbuli, pikipiki kumi na moja, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeyajua maeneo yale, nilikuwa mbele. Ulikuwa mwezi wa tisa, vumbi jekundu limefika kwenye vifundo vya miguu. Nilikuwa na furaha isiyo na mfano. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kurudi kwenye barabara zile bila faili wala miche, na nyuma yangu kuna wenzangu kumi wanaoona nilichokuwa nakiona peke yangu miaka yote ile: migomba imepangana na kahawa, mashamba ya chai yamekatwa sawasawa kama zulia. Nikaenda mwendo wa furaha yangu.

Bumbuli nikahesabu kumi. Nikahesabu tena.

Aliyekosekana alikuwa wa tisa. Kwenye kona moja gurudumu la mbele liliingia kwenye kokoto, akateleza nje ya barabara, akashuka pamoja na pikipiki kwenye migomba iliyo chini ya ukingo. Mguu ulivunjika juu kidogo ya kifundo. Wa nane, aliyekuwa mbele yake, hakutazama kioo. Wa kumi na wa kumi na moja walikuwa wameachwa nyuma kwa sababu ya vumbi, wakapita juu ya kona ileile bila kuona kitu, kila mmoja akiamini wa tisa yuko mbele. Alituambia baadaye kwamba alizisikia pikipiki mbili zikipita, akapiga kelele, na injini zikaifunika sauti yake. Alilala pale dakika hamsini. Waliomkuta ni akina mama wawili waliokuwa wanakata majani ya ng'ombe. Walimfunga mguu kwa vijiti na kanga, mmoja akakaa naye, mwingine akaja mbio barabarani, na mimi nikamkuta njiani wakati narudi.

Mguu ulipona, na yeye bado ni mwenzetu. Lakini tangu siku ile mimi sijakaa mbele tena.

Kwa hiyo swali lako, kaka, la nani mwenye kosa: ni wa mbele yake. Si kiongozi. Aliyekuwa mbele moja kwa moja ya yule mwenye pancha ndiye aliyepaswa kuona kwamba kioo chake hakina mtu. Nasi tangu 2013 tuna kanuni moja inayotangulia nyingine zote, na kila mtu huitamka kwa mdomo wake kabla ya kuwasha: wa nyuma yangu ni wangu. Kila baada ya kona unatazama kioo. Humwoni, unapunguza. Bado humwoni, unasimama pembeni mahali panapoonekana. Aliye mbele yako naye atakukosa kwenye kioo chake, atasimama, na kwa namna hiyo msafara mzima unasimama bila simu, maana kwenye mabonde yale simu mara nyingi haina mtandao.

Pikipiki kumi na nne ni nyingi kwa msafara mmoja. Gawanyeni mara mbili, saba saba, kila kundi na kiongozi wake na mkia wake, na dakika kumi katikati. Kwenye lami iliyonyooka mkae zigizaga, mmoja kulia mwa njia yenu na anayefuata kushoto, sekunde mbili nyuma ya aliye mbele. Mkianza kona, vunjeni zigizaga, kila mtu ajipange kwa mstari mmoja achague njia yake. Kwenye vumbi sahau sekunde. Rudi nyuma mpaka uione barabara yenyewe, si taa ya mwenzako ndani ya wingu. Watu wanaogopa kuachwa, ndiyo maana wanang'ang'ania vumbi la mwenzao na kuingia shimoni pamoja naye. Mtu mwenye uhakika kwamba atasubiriwa haogopi kubaki nyuma. Hilo nimeliona likibadilisha uendeshaji wa watu kuliko mafunzo yoyote.

Kwenye njia panda fanyeni hivi. Kiongozi akigeuka, wa pili anasimama pale pale kwenye panda na kunyoosha mkono kuelekea tulikokwenda. Habanduki. Wote wanampita, mpaka amwone mkia, ndipo anaingia mbele ya mkia. Panda inayofuata anasimama mwingine. Magamba pale, njia moja inakwenda upande wa Mtae na nyingine upande wa Migambo, nimewahi kumkuta kijana wetu amesimama robo saa kwenye ukungu, mkono umenyooka, midomo imekuwa ya bluu. Nilimkumbatia na helmeti yangu kichwani.

Na mkia asiwe mtu aliyebaki baada ya wote kuchagua nafasi. Awe fundi, awe mtulivu, asiwe na hamu ya kufika. Abebe yeye tyubu, pampu, viraka na gundi, spana za mhimili wa magurudumu yote mawili, kipande cha waya, kamba, bendeji, mkasi na maji ya akiba. Pancha ya mwenzenu kama mkia angekuwepo ingekula dakika ishirini na tano.

Sasa huyo aliyejitoa. Usimwite kikaoni, wala usimwandikie ujumbe kwenye kundi la simu. Mwende wawili, wewe na yule aliyekuwa mbele yake, nyumbani kwake, jioni. Aliyekuwa mbele yake ndiye aseme. Saa mbili kando ya barabara, mtu anasikia injini za wenzake zikififia upande wa pili wa mlima: hakujitoa kwa sababu ya pancha.

*Mwezi gani ni mzuri kupanda huko?*
*Msomaji, Dar es Salaam*

Wa sita hadi wa tisa. Asubuhi kuna ukungu, ngojeni saa tatu ndipo mwondoke Lushoto. Kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano msije na pikipiki ya lami: udongo mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni, na ukijaa kwenye meno ya tairi hata kusimama tu wima ni kazi. Ikiwanyeshea ghafla, fuateni mkondo wa magurudumu ya magari, mwendo uleule, bila kubana breki ya mbele.

*Mwanangu, mimi ni mkulima, nina miaka 74. Nakaa kijiji kilicho mbele ya Magamba, njia ya Mtae. Ukurasa wako nasomewa na mjukuu. Siku hizi mnapita sana nyie watu wa pikipiki kutoka mijini. Mwaka jana kundi moja lilipita siku ya gulio kwa kasi, watoto wakakimbilia mferejini, vumbi likatua kwenye maharage yaliyoanikwa. Mmoja akapandisha pikipiki yake kwenye matuta ya shamba langu apigwe picha, akavunja kingo. Nilipotoka ndani alinipungia mkono kwa furaha, akaondoka. Sina hasira naye. Nataka kujua mnatafuta nini huku.*
*Mkulima, Lushoto*

Shikamoo mzee wangu. Barua yako niliisoma mara tatu, halafu niliipeleka kwenye mkutano wa klabu na kuisoma kwa sauti. Watu walinyamaza. Tuliangalia tarehe zetu, halikuwa kundi letu. Lakini tulikubaliana kwamba ungeweza kuwa msafara wetu wa miaka ya mwanzo, na kwa hiyo tunajibu kama wenye kosa.

Kuhusu kingo, wenzangu wengi wa pwani hawakuelewa, nikawaeleza. Niliwaambia kwamba mwaka 1981 ulianza kule kwetu mradi wa SECAP wa kuzuia mmomonyoko, na kwamba mimi niliukuta ukiendelea nilipofika. Niliwachorea ile fremu ya herufi A, vijiti vitatu na jiwe linaloning'inia kwenye uzi, tuliyokuwa tunaipiga hatua kwa hatua ubavuni mwa mlima kutafuta mstari ulio sawa. Nikawaambia mstari ule unachimbwa kwa jembe, udongo unatupwa, majani yanapandwa juu ya tuta, na inachukua misimu kadhaa kabla tuta halijashika. Mtu akipita na tairi mahali pamoja tu, maji ya masika yanayokuja yanachagua hapohapo. Hayatoki na ukingo peke yake, yanatoka na udongo wa juu wote uliokuwa nyuma yake. Yule kijana alipiga picha ya dakika moja juu ya kazi ya miaka. Hakujua, naamini. Alipaswa kuuliza.

Umeuliza tunatafuta nini, na hujauliza kwa kejeli, kwa hiyo nami nakujibu kwa moyo. Wengi wetu tumekulia Tanga, nchi tambarare, minazi na bahari. Siku za kazi tunaziishi kati ya ukuta na ukuta. Halafu tunafika Mtae jioni, tunazima injini zote kwa pamoja, na nchi inakatika miguuni mwetu. Chini ni mbuga ya Mkomazi, kavu, ya rangi ya simba, inakwenda mpaka Kenya. Kushoto milima ya Upare imejipanga mmoja nyuma ya mwingine. Upepo unapanda kutoka chini ukiwa bado na joto la bondeni wakati migongo yetu ina baridi. Nimewaona wanaume wazima, mafundi wa bandarini, wanasimama pale robo saa bila kusema kitu na helmeti mkononi. Ndicho tunachokitafuta, mzee wangu. Wewe umezaliwa nacho mlangoni. Na hakimpi mtu ruhusa ya kupita juu ya maharage yako.

Tumeamua haya kwa safari ya mwezi wa saba. Kwenye kila kijiji mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa, kuanzia nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, na kiongozi akikiuka, kundi lote linasimama. Siku ya gulio hatupiti; tukikuta gulio tunaegesha kabla yake, tunatembea kwa miguu, tunanunua viazi na matunda kama watu. Pikipiki haitoki nje ya barabara kwa picha. Mimi nikiwa mkiani nitaona kila kitu kilichofanywa na walio mbele, na nitasimama kwa mwenye shamba yeyote atakayeninyoshea mkono.

Sita kati yetu tutafika siku moja kabla ya wengine, na majembe yetu. Wanne hawajawahi kushika fremu ya A, nitawafundisha shambani kwako ukiniruhusu. Basi mwambie mjukuu aniandikie mambo mawili kabla ya mwisho wa mwezi wa sita: gulio lenu sasa ni siku gani, na kingo zilizovunjika zina urefu wa hatua ngapi, nijue tutafute vipando vingapi vya Guatemala.